Acheni kumlilia Marilyn Monroe, hesabuni pesa zake kwanza

DOLA milioni 195. Hizo ndizo pesa mtu alilipa jijini New York mnamo Mei 2022 ili amiliki picha moja ya uso wa Marilyn Monroe, ile iliyochapwa na msanii Andy Warhol mwaka wa 1964: nywele manjano, kope samawati, mdomo mwekundu. Wakati huo hakuna kazi nyingine ya sanaa ya karne ya 20 iliyokuwa imefikisha bei hiyo kwenye mnada.

Sasa shika hii nyingine: dola 50. Hizo ndizo Marilyn mwenyewe alipewa mwaka wa 1949 kwa picha ambazo baadaye zilitajirisha wanaume wengine.

Nimeanza na doo makusudi. Kila mwaka Agosti ikifika, mitandao hujaa picha zake nyeusi na nyeupe na maneno ya kusikitisha ambayo nusu yake hata hakuwahi kuyasema. Wasee wanabishana kuhusu akina Kennedy, wanabishana kuhusu vidonge, wanaandika "maskini Marilyn" halafu wanaendelea na shughuli zao. Kizazi cha kwanza kilimcheka kama mrembo kichwa maji. Chetu kinamlilia kama mwathiriwa. Ukiniuliza mimi, hizo ni njia mbili za kufanya kitu kimoja: kumtazama huyu mwanamke bila kuona kazi aliyofanya.

Hebu tumtazame upya. Tumtazame kama mfanyakazi. Tuulize maswali ambayo mwanamke yeyote anayechapa kazi Nairobi au Mombasa leo angeuliza: Alilipwa ngapi? Nani alikula faida? Nani alimgusa bila ruhusa? Na alipokataa, ilikuwaje?

Ndoa akiwa na miaka 16

Alizaliwa Los Angeles mnamo Juni 1, 1926, akaitwa Norma Jeane. Mamake, Gladys, aliugua ugonjwa wa akili na kulazwa hospitalini binti akiwa bado mdogo. Kuanzia hapo Norma Jeane alilelewa kwa kuzungushwa: nyumba ya huyu, nyumba ya yule, kituo cha mayatima, kisha tena nyumba ya mwingine. Alikuja kusema wazi kwamba katika mojawapo ya nyumba hizo alidhulumiwa kimapenzi akiwa mtoto. Alisema hivyo katika enzi ambayo watu hawakusema mambo kama hayo, na wengi walidhani anatunga.

Juni 1942, siku chache tu baada ya kufikisha miaka 16, aliolewa na kijana wa jirani aliyekuwa na miaka 21. Mlezi wake alikuwa anahamia jimbo lingine na hangeenda naye, hivyo chaguo lilikuwa mume au kurudi kituoni. Shule ikaishia hapo. Hii si hadithi ya Hollywood pekee. Tuko na kaunti hapa Kenya ambako binti wa umri huo bado hupewa hesabu hiyo hiyo: mume au hakuna mahali pa kulala.

Wakati wa vita mumewe alienda baharini, yeye akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha ndege zisizo na rubani kule Van Nuys. Hapo ndipo mpigapicha wa jeshi, aliyetumwa kupiga picha za wanawake wakifanya kazi, alimwona. Kufikia Agosti 1946 alikuwa ametia saini mkataba na studio ya 20th Century-Fox. Mwezi uliofuata talaka ikatoka. Jina likabadilishwa, nywele zikapakwa rangi. Alikuwa na miaka 20.

Picha za dola 50

Mkataba huo wa kwanza haukudumu. Kufikia Mei 1949 alikuwa mwigizaji asiye na kazi ya kutegemea na bili zilikuwa zimemfika shingoni. Akakubali kupigwa picha za uchi na mpigapicha aitwaye Tom Kelley kwa ajili ya kalenda. Alipewa dola 50, akaweka saini kwa jina la uongo, akaenda zake.

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1952, jina lake likiwa limeanza kupanda, habari ikalipuka: yule msichana wa kalenda ni Marilyn Monroe. Wakuu wa studio waliingiwa na kiwewe. Wengine walitaka akane kabisa. Kwa kanuni za Marekani ya wakati ule, hapo ndipo kazi ya mwanamke ilipaswa kufa.

Marilyn akakataa kukana. Alimweleza mwandishi wa habari kwamba ndiyo, ni yeye, alikuwa hana pesa na alihitaji kulipa madeni, na hakuna jambo baya alilofanya. Basi. Hakulia kwenye kamera wala kuomba msamaha. Na umma, kwa mshangao wa kila mtu, ukasimama naye.

Fikiria hilo kwa dakika moja. Miaka zaidi ya 70 baadaye, hapa kwetu, picha za manzi zikivujishwa kwenye Telegram, swali la kwanza bado ni "alizipiga za nini?" Mvujishaji hatajwi. Na tuna sheria kabisa: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inafanya kusambaza picha za faragha za mtu kuwa kosa la jinai. Lakini msichana ndiye hufunga akaunti zake na kuhama mtaa. Marilyn mwaka wa 1952 alikuwa ameshaelewa kwamba aibu ni mzigo unaotupiwa mtu, na mtu anaweza kukataa kuubeba.

Ila kukataa aibu hakukumletea pesa. Desemba 1953 kijana mmoja wa Chicago, Hugh Hefner, alichapisha toleo la kwanza la jarida la Playboy. Marilyn alikuwa kwenye jalada, na ndani kulikuwa na picha ile ya kalenda. Hefner alikuwa ameinunua haki yake kwa dola 500 kutoka kwa kampuni ya kalenda. Marilyn hakuulizwa wala hakulipwa hata senti. Zaidi ya nakala 50,000 ziliuzwa, na jarida hilo likawa himaya.

Haijaisha. Mwaka wa 1992 Hefner alinunua kaburi lililo kando ya la Marilyn kule Westwood, Los Angeles, kwa dola 75,000. Alipofariki mwaka wa 2017, akazikwa hapo. Wawili hao hawakuwahi kukutana ana kwa ana. Watu waliita hiyo ni mahaba. Mimi naona mwanamume aliyeanza kwa kununua mwili wa mwanamke bila kumuuliza, na akamaliza hivyo hivyo.

Mafisi wa studio

Mwezi Januari 1953, jarida moja la filamu la Marekani lilichapisha makala kwa jina la Marilyn kuhusu wanaume aliokutana nao akitafuta kazi. Aliwaita mbwamwitu. Huku kwetu tungesema mafisi, na kila mtu angeelewa mara moja.

Hakutaja majina, na lugha ilikuwa ya mzaha kidogo, kwa sababu ndiyo njia pekee ambayo ingechapishwa. Lakini mambo yenyewe unayajua. Yule anayejifanya ana uwezo wa kukupa nafasi. Yule anayekuita ofisini wikendi wakati hakuna mtu. Ule "usaili" ambao hauna uhusiano wowote na kuigiza.

Dunia ilikuja kushtuka Oktoba 2017 kashfa ya Harvey Weinstein ilipotoka na maneno "Me Too", ambayo Tarana Burke alikuwa ameyaanzisha tangu 2006, yakasambaa kila mahali. Marilyn alikuwa ameshayasema, kwa tabasamu, miaka 64 kabla. Kila mtu alisoma. Hakuna aliyefanya chochote. Kwa hivyo mtu akikuambia siku hizi wanawake ndio wameanza kulalamika, mwambie hapana. Siku hizi ndio mmeanza kusikiliza, na hata hivyo nusu nusu.

Staa asiye na chumba

Mwaka huo huo wa 1953 ilitoka filamu ya Gentlemen Prefer Blondes. Marilyn na Jane Russell wanaigiza marafiki wawili, waimbaji, wanaosafiri kwa meli kwenda Ufaransa. Kila mtu anakumbuka wimbo wa almasi na rinda la waridi. Chenye watu hawakumbuki ni mshahara.

Katika mahojiano na jarida la Life, yaliyochapishwa siku chache kabla ya kifo chake Agosti 1962, Marilyn alisimulia kwamba Jane alipata dola 200,000 kwa filamu hiyo. Yeye alikuwa akilipwa dola 500 kwa wiki. Alipoomba angalau chumba cha kubadilishia nguo, aliambiwa kila mara kwamba yeye si staa. Akawajibu kwamba hata wamwite nini, jina la filamu linahusu mrembo mwenye nywele za dhahabu, na huyo ni yeye.

Wala hakuwa na ugomvi na Jane. Magazeti yalitamani sana wagombane, kama vile blogu zetu zinavyotamani kila waimbaji wawili wa kike wawe na "bifu". Walikuwa marafiki. Shida ilikuwa mkataba: kijana anasainishwa akiwa hana kitu, kwa mshahara wa kila wiki, kwa miaka mingi, na studio inaamua filamu gani ataigiza. Akivuma, faida inapanda kwa studio. Wasanii wetu wangapi wamesaini kitu kama hicho na lebo fulani, wakaamka siku moja wakapata hata jina lao la jukwaani si lao?

Mwanzoni mwa 1954 studio ikampangia filamu nyingine, The Girl in Pink Tights. Marilyn akataka kwanza kusoma hadithi yenyewe. Hilo peke yake lilionekana utovu wa adabu. Tena kumbe mwenzake, Frank Sinatra, angelipwa dola 5,000 kwa wiki huku yeye akipata 1,500. Hakwenda kazini. Studio ikamsimamisha. Kiswahili chepesi: aligoma.

Rinda jeupe

Sasa tufike kwenye ile picha. Unaijua hata kama hujawahi kutazama filamu yake yoyote. Iko kwenye fulana za mitumba Gikomba na Toi, kwenye vikombe, kwenye kuta za saluni. Marilyn amesimama juu ya wavu wa njia ya treni za chini ya ardhi, upepo unapandisha rinda, anacheka.

Picha hiyo ni ya usiku wa Septemba 15, 1954, kwenye Lexington Avenue, New York. Ilikuwa saa saba hivi usiku. Studio ilitaka umati uje, kwa sababu umati ni matangazo ya bure. Zaidi ya watu elfu moja walikuja, wengi wao wanaume, wakapiga kelele na kushangilia kila rinda lilipopanda, na akarudia tendo hilo tena na tena. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba sehemu hiyo ilibidi irekodiwe upya ndani ya studio kule California. Kwa maneno mengine, usiku ule ulikuwa maonyesho tu.

Mumewe, mchezaji mashuhuri wa besiboli Joe DiMaggio, alikuwa hapo akitazama, na alikasirika. Watu waliofanya kazi na Marilyn walisimulia baadaye kwamba waliona alama mwilini mwake baada ya usiku huo. Mwezi uliofuata aliomba talaka kwa msingi wa ukatili wa kiakili, na akaipata. Ndoa ilikuwa imedumu miezi tisa.

Hapo ndipo mimi huishiwa na maneno nikiona fulana hizo. Ile ndiyo picha ya furaha kuliko zote duniani, na nyuma yake kuna mwanamke aliyetumiwa na mwajiri upande mmoja na kuadhibiwa na mume upande mwingine, kwa sababu ya rinda lile lile. Sisi Wakenya tunalijua hilo rinda. Novemba 2014, wanawake waliandamana katikati ya jiji la Nairobi chini ya kauli ya #MyDressMyChoice baada ya genge la wanaume kumvua nguo mwanamke hadharani, eti amevaa vibaya. Umati unaoshangilia na umati unaovua nguo hauko mbali vile tunavyofikiri. Yote miwili inaamini kwamba mwili ulio barabarani ni wao.

Kampuni yenye jina lake

Hapa ndipo hadithi inapaswa kubadilika, na ndipo wengi huiruka.

Mwisho wa 1954, akiwa staa mkubwa kuliko wote pale Fox, Marilyn aliondoka Hollywood, akahamia New York. Januari 1955 alitangaza kampuni yake ya filamu, Marilyn Monroe Productions, akishirikiana na mpigapicha Milton Greene. Yeye ndiye aliyekuwa rais wa kampuni. Alikuwa na miaka 28.

Magazeti yalicheka hadi machozi. Alisema anataka kuigiza sehemu nzito na si vichekesho vya warembo tu, na jina la riwaya ya Dostoevsky likatajwa, basi ikawa mzaha wa mwaka. Kichwa maji anataka vitabu! Mimi niliacha chuo, kwa hivyo ile sauti naijua vizuri, ile ya "kwani wewe ulisomea hilo?" Marilyn hakumaliza hata sekondari. Lakini mwaka wa 1951 alikuwa akichukua masomo ya jioni katika chuo kikuu cha UCLA, na vitu vyake vilipopigwa mnada mwaka wa 1999, kulikuwa na mamia ya vitabu. New York alikaa darasani kwa Lee Strasberg wa Actors Studio kama mwanafunzi mwingine yeyote.

Fox ilisema bado ana mkataba nao. Mvutano ukaenda mwaka mzima. Wakati huo wote hakuigiza filamu mpya hata moja, na studio ilijaribu kutengeneza "Marilyn" wengine kwa wasichana wenye nywele kama zake. Haikufaulu. Filamu ya lile rinda, The Seven Year Itch, ilitoka Juni 1955 ikapiga pesa kubwa, na studio ikajua nani anahitaji nani.

Mwisho wa mwaka huo wakaketi mezani. Mkataba mpya ukampa dola 100,000 kwa kila filamu, filamu nne tu ndani ya miaka saba, haki ya kukubali au kukataa mwongozaji, na ruhusa ya kutengeneza filamu zake chini ya kampuni yake. Rudi uangalie zile dola 500 kwa wiki, kisha usome sentensi hiyo tena.

Hakuwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Mary Pickford alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa United Artists tangu 1919. Lakini katika miaka ya hamsini, studio zilipokuwa bado zinawashika waigizaji kama mali, hatua yake ilikuwa ufa ukutani. Kampuni ikashiriki katika The Prince and the Showgirl ya 1957, akiigiza na Laurence Olivier, nguli wa Uingereza ambaye kwenye filamu hiyo, kwa hesabu ya makaratasi, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya "kichwa maji". Mwaka wa 1959 ikaja Some Like It Hot, ambayo alijadiliana apate asilimia 10 ya faida, na ikampa tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji bora wa vichekesho.

Mwili uliouma

Kuna jambo lingine hutajwa kila mara: kuchelewa. Waongozaji walilalamika kwamba anafika seti saa nyingi baadaye, anasahau maneno, anarudia tukio moja mara kadhaa wa kadhaa. Ni kweli, na waliofanya kazi naye waliteseka.

Kile kinachotajwa kwa sauti ya chini ni kwamba alikuwa na ugonjwa wa endometriosisi. Wengi wetu hapa Kenya tulijifunza jina hilo kupitia Jahmby Koikai, mtangazaji wetu wa rege, aliyeeleza maumivu yake hadharani kwa miaka kabla ya kufariki Juni 2024. Marilyn alifanyiwa upasuaji mara kadhaa, alipoteza mimba zaidi ya moja, na alifanya kazi katika tasnia iliyowapa waigizaji vidonge vya kulala na vya kuamka kama peremende. Pia alikuwa na wasiwasi mwingi kuhusu uigizaji wake. Siwezi kukuambia kila saa aliyochelewa ilikuwa ya maumivu. Lakini ukisikia mwanamke akiitwa mvivu na msumbufu, si vibaya kuuliza kama kuna mtu alimuuliza anaumwa wapi.

Juni 1962 Fox ilimfuta kutoka filamu ya Something's Got to Give kwa sababu ya kukosa kazini. Mkataba wake bado ulikuwa wa dola 100,000. Studio hiyo hiyo ilikuwa imemwahidi Elizabeth Taylor dola milioni moja kwa Cleopatra. Usiku wa Agosti 4, Marilyn alifariki nyumbani kwake kwa dawa za usingizi zilizozidi kipimo. Alikuwa na miaka 36.

Tusimfanye malaika

Najua kuna mtu anasema: huyu hakuwa mfeministi, wacha kutusukumia. Ni kweli hakujiita hivyo. Alifariki kabla vuguvugu la wanawake la miaka ya sitini halijashika moto. Sura ya mrembo asiyejua kitu aliiuza mwenyewe, kwa ustadi, na ilimlisha. Mwandishi Gloria Steinem, aliyekuja kuwa sauti kubwa ya ufeministi Marekani, alisimulia kwamba akiwa kijana alitoka nje ya ukumbi Gentlemen Prefer Blondes ikiendelea kwa kuona aibu. Miaka baadaye Steinem huyo huyo akamwandikia Marilyn kitabu kizima, mwaka wa 1986. Nadhani safari hiyo ya Steinem inaeleweka. Unaweza kuudhika na sehemu alizopewa kuigiza na bado ukamheshimu mwanamke aliyekuwa ndani yake.

Na kuna swali zito zaidi, hasa kwa sisi Waafrika. Weupe wake ulikuwa tiketi. Mwaka wa 1955, wakati Marilyn anapigania filamu bora, Dorothy Dandridge alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kwa filamu ya Carmen Jones. Alikuwa na kipaji, alikuwa na sura, na yeye pia alikuwa na mkataba na Fox. Lakini Hollywood haikujua imwandikie nini baada ya hapo. Mwaka wa 1963 alitangaza kufilisika. Miaka miwili baadaye akafariki akiwa na miaka 42. Marilyn alikuwa na mlango wa kubisha. Dorothy aliwekewa ukuta. Ufeministi usioona tofauti hiyo hautufai huku.

Marilyn mwenyewe, angalau, alionekana kuiona. Ella Fitzgerald, malkia wa jazi, alisema kwamba ana deni kwa Marilyn kwa sababu alimpigia simu mwenye klabu ya Mocambo, Los Angeles, akimtaka amwalike Ella aimbe pale, na kuahidi kukaa meza ya mbele kila usiku. Ni simu moja tu. Ila alijua jina lake lina nguvu, akalitumia kwa ajili ya mwanamke mwingine.

Nani anakula sasa?

Mwaka wa 2022 pekee, mbali na mnada wa Warhol, Kim Kardashian alijinyima chakula hadi akapunguza kilo saba ili aingie katika gauni ambalo Marilyn alivaa kumwimbia Rais Kennedy mwaka wa 1962. Gauni hilo lilikuwa limeuzwa dola milioni 4.8 mwaka wa 2016. Miezi michache baadaye Netflix ikatoa Blonde, karibu saa tatu za Marilyn akilia, akipigwa, akidhulumiwa. Ile kampuni yake, ule mgomo, ule mwaka mzima wa kushindana na studio hadi ikasalimu amri, havina nafasi humo. Ana de Armas, aliyemwigiza, akateuliwa kuwania Oscar. Michelle Williams naye aliteuliwa miaka kumi hivi kabla kwa kumwigiza katika My Week with Marilyn. Marilyn mwenyewe hakuwahi kuteuliwa, hata mara moja.

Sehemu kubwa ya mali yake aliachia mwalimu wake, Lee Strasberg, akitaka vitu vyake wagawiwe marafiki. Strasberg alipofariki mwaka wa 1982, mali ikaenda kwa mjane wake, ambaye alikuwa ameolewa Marilyn akiwa ameshakufa. Vitu havikugawiwa marafiki; vilipigwa mnada. Haki za jina na sura zikaishia kwa kampuni inayofanya biashara ya majina ya watu maarufu.

Kwa hivyo, dada yangu, kama unajirekodi TikTok, unaigiza, unaimba au unapigwa picha za matangazo, hii habari si ya zamani. Soma mkataba kabla ya kusaini. Uliza picha zitatumika wapi na kwa muda gani. Uliza mwenzako wa kiume analipwa ngapi. Wakikuita msumbufu, kumbuka kwamba walimwita hivyo pia, na alipogoma walimwongezea pesa. Na wewe kaka, picha ya mtu ikiingia kwenye kikundi chenu cha WhatsApp, ifute na umwambie aliyeituma kwamba ni kosa.

Ukitaka kumjua Marilyn, achana na Blonde kwanza. Anza na Gentlemen Prefer Blondes. Kuna tukio karibu na mwisho ambapo baba wa mchumba wake anashangaa, anamwambia alikuwa amesikia kwamba yeye ni mjinga. Mtazame machoni anapojibu. Halafu kumbuka anapata dola 500 kwa wiki na hana hata chumba cha kubadilishia nguo.